UPANGA WA KALE: KUUJUA NA KUUTUNZA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika gazeti letu la mwaka huu nimechagua somo ambalo halimo katika silabasi, lakini limo majumbani mwetu. Kuanzia Diani, Gasi na Msambweni mpaka Vanga, ziko nyumba ambazo mna upanga wa kale juu ya kabati au chini ya kitanda. Huu unaliwa na kutu, ule unauzwa ufuoni kwa bei ya kitoweo. Tusipojua tulicho nacho, tutakuja kukitafuta kwa watu.

Maneno kwanza

Kwa kuwa hili ni gazeti la Chama cha Kiswahili, tuanze na lugha. Upanga wa vita ni upanga mmoja, panga mbili. Lile la kufyekea shamba ni panga moja, mapanga mawili. Tusichanganye ngeli! Upanga una mpini wa kushikia, bapa ambalo ni ubavu wake, makali ya kukatia, ncha, na ala ya kuuvika.

Wazee walikuwa na majina kwa kila aina. Upanga wa feleji ni mrefu, umenyooka na una makali pande mbili. Feleji ni chuma cha pua kilicho bora. Upanga wa imani ni mfupi na mpini wake una umbo la msalaba. Kitara ni upanga uliopinda. Jambia si upanga hasa, ni kisu kipana kilichopinda ncha, huvaliwa kiunoni. Wenzetu Wamasai na Wakamba wana sime, ambayo hupanuka karibu na ncha na ala yake mara nyingi ni ya ngozi nyekundu.

Zilifikaje huku?

Pwani yetu na Oman zimejuana kwa muda mrefu. Mwaka 1698 Waomani waliwatoa Wareno katika Fort Jesus, Mombasa, na ukoo wa Mazrui ukaja ukatawala mji huo. Baadaye tawi moja la ukoo huo lilikaa hapa kwetu Gasi. Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi ndiye aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, na ngome yake ya Mwele ikavunjwa Agosti mwaka huo. Mwaka 1896 alivuka mpaka akaingia nchi iliyokuwa ya Wajerumani.

Upanga na jambia vilikuwa silaha, na pia vilikuwa heshima. Mpaka leo kule Lamu na Mombasa utamwona bwana harusi amevaa joho na ameshika upanga. Hata bendera ya Oman ina panga mbili zilizopishana na jambia. Jambo la kushangaza ni kwamba bapa za panga nyingi za Kiomani zilifuliwa Ulaya, hasa Ujerumani, zikaletwa na wafanyabiashara, kisha mafundi wa huku wakazitia mpini na ala. Ndiyo maana ukitazama vizuri huenda ukaona alama au herufi ndogo kwenye bapa. Alama hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha upanga.

Tujifunze kwa Wajapani

Duniani kote, watu wanaosifika kwa kutunza panga ni Wajapani. Mwaka 1876 serikali yao ilikataza watu wa kawaida kutembea na panga hadharani, lakini hawakuzitupa zote. Leo zipo zenye umri wa mamia ya miaka, na bapa zake bado zang'aa kama kioo. Siri yao ni nini? Ni kitambaa safi, mafuta kidogo na subira. Mafuta wanayopaka huitwa choji, na neno hilo maana yake ni karafuu! Ni mafuta mepesi yenye harufu ya karafuu, zao lile lile lililowapa jina Unguja na Pemba.

Funzo la pili ni kuhusu mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Wajapani hawausugui kabisa. Hapo ndipo fundi alipochonga jina lake, na kutu yake nyeusi ya zamani huwasaidia wajuzi kukisia umri.

Adui yetu ni chumvi

Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi na unyevu, na masika ndiyo balaa. Kwa hiyo fuateni hatua hizi:

1. Usiguse bapa kwa vidole. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole hugeuka kutu.

2. Ukichomoa upanga, chomoa polepole, na mkono unaoshika ala usiwe upande wa makali. Ala ya zamani huweza kupasuka. Watoto wasiwe karibu.

3. Futa mafuta ya zamani kwa kitambaa laini cha pamba, kisha paka mapya, membamba sana. Mafuta ya cherehani yanafaa. Mafuta ya nazi au ya kupikia hayafai, kwani huchacha yakala chuma.

4. Kutu nyekundu inayotoka unga ni mbaya. Itie mafuta, iache siku nzima, kisha futa taratibu. Weusi uliotulia ni rangi ya uzee, uache.

5. Usisugue kwa msasa, mchanga, jivu wala ndimu.

6. Usiufunge ndani ya mfuko wa plastiki, utatoa jasho. Ala ya ngozi nayo hunyonya unyevu. Kama una nafasi, ulaze upanga kando ya ala yake, umefungwa kwa kitambaa kikavu, mbali na ukuta unaovuja.

7. Utazame kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki.

Bandu bandu huisha gogo

Jirani zetu fulani walikuwa na upanga wa babu yao. Siku ya harusi ikikaribia, vijana wakaupeleka kwa fundi wa kuchomelea ausage kwa mashine ili ung'ae. Uling'aa kweli! Lakini herufi zilizokuwa kwenye bapa zikafutika, na bapa likabaki jembamba kama bati. Bibi yao alisema neno moja tu, "Mmemnyoa maiti." Kilichosagwa hakirudi.

Daftari na sheria

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari, andika urefu wa upanga, alama zake, nani alikuwa nao na nani alimrithisha. Piga picha. Waulize wazee wakiwa hai, kwani upanga usio na hadithi ni chuma tu.

Najua mtu ataniuliza, je, karo ikidaiwa nisiuze? Shida ni shida, wala siwezi kumhukumu mzazi. Lakini sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inasema kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni cha kale, na hakiruhusiwi kutoka nchini bila kibali. Mtalii akikitia mkobani, huenda wote wawili mkaingia matatani. Tena mpini ukiwa wa pembe ya kifaru au ya ndovu, kuuza ni hatia. Afadhali kwanza uvuke Likoni na picha zako, ukawaulize wajuzi wa makumbusho ya Fort Jesus. Ukijua thamani, hutadanganywa.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Pesa ya mnunuzi itakwisha wiki hii, na upanga hautarudi tena.

Zoezi

1. Taja tofauti ya upanga na panga katika ngeli.
2. Kwa nini mafuta ya nazi hayafai kupakwa upanga?
3. Muulize mzee mmoja nyumbani kwenu habari za kitu cha kale, uandike insha ya ukurasa mmoja.