Kumzoesha mbwa mgeni kwa mbwa mwenyeji kabla ya mavuno

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mahindi mengi huvunwa kati ya Juni na Agosti, lakini ulinzi wa shamba huanza mapema, mahindi yakiwa bado mabichi. Mchana huja nyani na ngedere. Usiku huja nguruwe pori na wezi. Huu ndio wakati kaya nyingi huongeza mbwa wa pili. Mbwa wawili wanaoelewana hulinda vizuri kuliko mmoja. Wasioelewana huumizana, na mmoja wao huweza kuhama nyumbani. Kuzoeana kwao huchukua wiki 4 hadi 6, hivyo mbwa atakayelinda mavuno ya Juni aletwe Aprili.

Kazi huanza kwenye uchaguzi. Dume na jike huelewana kwa urahisi kuliko mbwa wa jinsia moja, ila mmoja wao ahasiwe iwapo watoto hawahitajiki. Mbwa mzima humpokea mbwa mchanga vizuri kuliko anavyompokea mbwa wa rika lake. Jike anayenyonyesha au aliye kwenye joto asikutanishwe na mgeni hadi kipindi hicho kipite. Ni vyema mgeni atoke kwenye nyumba inayojulikana, na mwenye mbwa aulizwe kama mbwa huyo aliwahi kung'atwa na mnyama mwingine, kwa kuwa kichaa cha mbwa huweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, kabla ya dalili kuonekana.

Mgeni atengwe kwanza kwa siku 14 katika banda lake, mbali na vyombo vya mwenyeji. Muda huo hutosha kwa kawaida kuonyesha dalili za parvo, yaani kutapika na kuharisha damu. Virusi vya ugonjwa huo hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, ndiyo maana boma lililowahi kupoteza mbwa kwa parvo halifai kupokea kijibwa kisichochanjwa. Mbwa wote wawili wawe na chanjo ya kichaa, ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Waogeshwe dawa ya kupe na kupewa dawa ya minyoo inayoua tegu. Kwa mfugaji wa mbuzi na kondoo tegu ni hatari ya pekee: mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, huliwa pamoja na majani, na aina mojawapo hujenga uvimbe kwenye ubongo wa mbuzi hadi mnyama azunguke mahali pamoja na kuanguka. Mbwa hupata tegu hao kwa kula vichwa na viungo vya ndani vibichi vya mifugo iliyochinjwa, hivyo mabaki hayo yazikwe au yachemshwe vizuri.

Siku 14 zikiisha, mgeni akiwa mzima, gunia analolalia hupelekwa kwa mwenyeji, na la mwenyeji kwa mgeni. Kila mmoja huzoea harufu ya mwenzake kabla ya kuonana.

Kisha wakutanishwe nje ya boma, kwenye njia au uwanja ambao mwenyeji haoni kuwa ni wake. Watu wawili watulivu humshika kila mmoja mbwa wake kwa kamba, na hutembea wakielekea upande mmoja, wakiachiana nafasi ya kama hatua 15. Nafasi hupunguzwa kidogo kidogo. Kamba ibaki imelegea, kwa sababu ikivutwa humfanya mbwa ahisi amebanwa, akawa mkali. Wakitulia, waachwe wanusane kwa sekunde chache, kisha matembezi yaendelee.

Mwili wa mbwa husema mapema. Mwili uliolegea, kunusana ubavuni na kuinamisha miguu ya mbele kwa mchezo ni dalili njema. Mkia ulionyooka juu bila kulegea, manyoya ya mgongoni kusimama, macho kukodolewa na mbwa kukakamaa kimya ni dalili za vita. Hapo waongezewe nafasi papo hapo, bila kelele wala kipigo. Mngurumo mfupi wa mbwa mzima kwa kijibwa kinachomsumbua ni onyo la kawaida na hauhitaji kuadhibiwa.

Nyumbani, ugomvi mwingi huanzia kwenye chakula. Kila mbwa awe na sahani yake, na ugali na dagaa viliwe sehemu mbili zisizoonana, vyombo viondolewe wakimaliza. Mifupa isitupwe uani. Kila mmoja awe na mahali pake pa kulala, na mwenyeji abaki na mahali pake pa zamani. Mgeni asifungwe mnyororo huku mwenzake akiwa huru, kwani aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Wakipigana, mtu asiingize mkono kati yao. Hutumika ndoo ya maji, gunia zito au ubao wa kuwatenganisha. Mtu akijeruhiwa na meno, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa amechanjwa.

Mgeni wa kibinadamu hupewa jembe siku ya tatu. Mbwa mgeni husubiri zaidi. Kwanza azungushwe mipakani mwa shamba kwa kamba, mwenyeji akiwepo, na aonyeshwe kuku na mbuzi wa nyumbani akiwa ameshikwa. Wakishakaa mchana pamoja kwa wiki 2 bila ugomvi, wafunguliwe pamoja usiku, watu wa nyumbani wakiwa macho saa za mwanzo. Zoezi limekamilika pale wote wawili wanapolala karibu kwa hiari, mmoja anapompisha mwenzake mlangoni bila kunguruma, na wote kukimbilia upande mmoja mtu asiyejulikana anapobisha. Mbwa ambao hata baada ya wiki 6 bado wanapigana hadi kutoana damu wapangiwe zamu na mabanda tofauti, na daktari wa mifugo awaone, kwa kuwa maumivu yaliyofichika mara nyingi huwa chanzo cha ukali.