MIZANI MOJA KWA HOJA YANGU NA HOJA YA MWENZANGU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Mwaka wa 10 wa Hijra, yaani mwaka 632, Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Maria. Siku hiyo jua likapatwa mjini Madina. Watu wakaanza kusema: jua limepatwa kwa sababu mtoto wa Mtume amekufa.

Ndugu zangu, tuangalie vizuri hapo. Maneno yale yalimpa Mtume heshima, na waliyoyasema walikuwa watu wake wenyewe. Kama angenyamaza tu, yangebaki. Lakini pamoja na uchungu wa msiba, alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Wakiona hivyo, wasali na kumwomba Mungu.

Somo letu la leo linatoka hapo. Kupinga jambo ambalo wengi wanaliamini si kosa, Nabii Ibrahim (a.s.) aliwapinga baba yake na watu wake wote. Kosa ni kupinga, au kutetea, kwa hoja mbovu. Na hoja mbovu iliyo ngumu kuliko zote kuiona ni ile inayotusaidia sisi.

TULIYOYAPITIA WAKATI WA EBOLA

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, ikafika na Ituri. Iliisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3470 waliugua, na 2287 kati yao wakafa. Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Zaidi ya robo walijibu kwamba Ebola haiko kabisa.

Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa na maswali ya kweli. Tangu mwaka 2014 raia walikuwa wanachinjwa upande wa Beni, na msaada haukuonekana. Mara magari mengi yakaja kwa ajili ya Ebola. Desemba 2018 Wakongomani wengine walipiga kura, lakini Beni na Butembo wakaahirishiwa, na Ebola ikatajwa kuwa moja ya sababu. Fedha nyingi ziliingia, watu wakaita biashara ya Ebola. Na mwaka 2021 tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilithibitisha kwamba wafanyakazi wa Riposti waliwadhulumu wanawake kimwili.

Malalamiko hayo yalikuwa na haki. Lakini je, yalithibitisha kwamba ugonjwa haukuwako? Hapo ndipo wengi wetu tuliteleza, na tuliteleza kwa njia hizi:

Kwanza, kuhukumu msemaji na kuacha neno. Tulisema: huyu anakula pesa, basi anachosema ni uongo. Lakini mtu anaweza kufaidika na jambo la kweli. Muuza jeneza anafaidika na kifo, wala kifo si uongo.

Pili, kudhani kwamba kinachotangulia ndicho sababu. Ilisemwa: wanaoingia kituo cha matibabu hawatoki, kwa hiyo kituo ndicho kinachoua. Wengi walifika wakiwa wamezidiwa, baada ya siku nyingi nyumbani. Katika jaribio la dawa lililofanyika humo humo kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, wakapewa moja ya dawa mbili zilizo bora, karibu tisa kati ya kumi walipona. Na moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Basi uvumi ule uliwazuia watu wasifike mapema, na kuchelewa kwao kukaonekana kuwa ushahidi wa uvumi.

Tatu, kuokota kinachotupendeza. Habari ya aliyefia kituoni tuliisambaza jioni ile ile. Habari ya jirani aliyerudi mzima tuliisikia, tukanyamaza.

Nne, na hii ni hila ya nafsi: kujifananisha na waliokataliwa. Mtu husema: hata Mitume walikataliwa, na mimi nakataliwa, basi niko na haki. Ndugu, wenye haki wengi walikataliwa, lakini waliokataliwa kwa sababu wamekosea ni wengi zaidi. Kukataliwa si ushahidi.

Lakini mizani hii ina pande mbili. Wako pia waliosema: wakubwa wamesema, kwa hiyo nyamazeni. Hiyo nayo si hoja. Katika Suratul-Baqara aya ya 170, Mwenyezi Mungu anawalaumu wanaofuata ya baba zao hata kama baba hao hawakuelewa kitu. Aliyeuliza kwa nini kura imezuiwa alistahili jibu, wala hakustahili matusi.

MFANO WA MPINGAJI MWEMINIFU

Katika wanachuoni wetu alikuwako mganga Ibn al-Nafis, aliyesoma Damascus na kufa Cairo mwaka 1288. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, waganga walifuata fundisho la Galen kwamba damu hupenya kutoka upande wa kuume wa moyo kwenda wa kushoto kwa matundu yaliyo katika ukuta wa katikati. Hata Ibn Sina, fahari ya Waislamu, aliandika kwa kufuata njia hiyo.

Mwaka 1242 Ibn al-Nafis aliandika kwamba sivyo. Ukuta ule ni mzito na hauna tundu, la kuonekana wala la kufichika. Damu hupita kwenye mapafu ndipo irudi upande wa kushoto. Hakusema Galen alikuwa kafiri, kwa hiyo amekosea. Wala hakusema Ibn Sina ni wetu, kwa hiyo amepata. Alivisoma vitabu vyao mpaka akavifahamu, akaeleza wanachosema, kisha akaonyesha mahali ambapo umbo la moyo lenyewe linakataa. Mahali walipopata, alikubaliana nao.

MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA KUSEMA

Ukitaka kupinga jambo barazani, nyumbani au kazini, jiulize haya:

1. Habari hii nimeihakikisha, au nimeipokea tu? Suratul-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakikisha, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

2. Je, naweza kueleza hoja ya mwenzangu mpaka yeye mwenyewe aseme: ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema?

3. Kama adui yangu angeleta ushahidi wa namna hii, ningeukubali?

4. Ni kitu gani kikionekana nitakubali kwamba nimekosea? Kama hakuna, basi huo ni ubishi, si utafutaji wa haki.

5. Nikikosea, nani ataumia? Mara nyingi si msemaji. Ni mtoto wa jirani aliyenisikiliza.

Suratun-Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamie uadilifu hata juu ya nafsi zetu. Basi yeyote kati yetu aliyewahi kueneza neno, kisha akajua halikuwa kweli, arudi kwa wale wale aliowaambia, awaambie: nilikosea. Haitampunguzia heshima. Mtume wetu (s.a.w.) aliwasahihisha watu wake siku aliyomzika mwanawe.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na utupe kuifuata. Tuonyeshe batili kuwa ni batili na utupe kuiepuka. Warehemu waliokufa kwa maradhi yale, na uwape subira watu wao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.