Nakala ya Pili Iko Wapi? Kuchagua Hifadhi ya Mtandaoni kwa Mafaili ya Nyumbani



Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limehamia kwenye kompyuta. Katibu wa jumuiya ana orodha ya michango, frateri ana tasnifu yake, mama mwenye duka ana hesabu za madeni, na familia ina picha za harusi na za marehemu babu. Mara nyingi vyote hivyo viko kwenye kompyuta mpakato moja, na nakala, kama ipo, iko kwenye flashi ndani ya begi lilelile. Somo hili linaeleza namna ya kuchagua huduma ya kuhifadhi nakala mtandaoni. Hoja yake ni moja: huduma nzuri ni ile inayokurudishia mafaili yako siku ya msiba. Ukubwa wa nafasi ya bure ni jambo la baadaye.

1. Kwa nini nakala ikae mbali

Sisi wa Kilangali na wilaya nzima ya Kilosa hatuhitaji kufundishwa maana ya maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wakaachwa bila makazi, na Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 mafuriko yalirudi upande wa Dumila na Magole, na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika. Maji yakiingia nyumbani, hayachagui kati ya kompyuta na flashi iliyo kwenye droo ya meza hiyohiyo. Mwizi naye hubeba begi zima.

Kanisa limelijua jambo hili kabla ya kompyuta. Kanuni ya 491 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inamtaka Askofu wa jimbo ahakikishe kwamba orodha za hati za makanisa yake zinaandikwa katika nakala mbili: moja ibaki katika kanisa husika, nyingine ikae katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Sehemu mbili tofauti, kwa makusudi. Wataalamu wa kompyuta wana kanuni inayofanana nayo, iliyosambazwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumbani. Hifadhi ya mtandaoni ndiyo hiyo nakala ya mbali.

Wanafalsafa watakumbuka kwamba Mt. Thomas wa Akwino, anapotaja sehemu za fadhila ya busara (Summa Theologiae II-II, swali la 49), anaanza na kumbukumbu, anataja pia kuona mbele, na anamalizia na tahadhari. Anayekumbuka mafuriko na kuchukua hatua kabla ya masika yanayofuata anaishi fadhila hiyo.

2. Kusawazisha si sawa na kuhifadhi nakala

Hapa wengi hukosea. Google Drive, OneDrive na Dropbox kazi yake kubwa ni kusawazisha: kilicho kwenye kompyuta kinaonekana vilevile mtandaoni. Ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutika na kule. Virusi wakiliharibu, lililoharibika ndilo linalopanda. Huduma hizi zina kapu la taka linalotunza vilivyofutwa, kwa kawaida siku 30. Ukigundua kosa siku ya 40, umechelewa.

Huduma za nakala rudufu hasa, kama Backblaze au IDrive, hufanya kazi tofauti. Programu yake hukaa kimya kwenye kompyuta, hutuma mabadiliko yenyewe, na hutunza matoleo ya zamani ya faili. Hii hukuwezesha kurudi kwenye tasnifu ilivyokuwa wiki tatu zilizopita. Kwa mafaili machache, kusawazisha kunaweza kutosha, mradi uwe pia na nakala kwenye diski ya nje usiyoiacha imechomekwa muda wote.

3. Maswali matano kabla ya kuchagua

Kwanza, nina mzigo kiasi gani, na bando langu linaweza kuubeba? Google hutoa GB 15 bure, lakini barua pepe na picha zinakula humohumo. OneDrive hutoa GB 5, Dropbox GB 2. Maandishi ni mepesi: tasnifu nzima isiyo na picha nyingi haifiki MB 5. Picha na video ndizo nzito. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 1 kwa sekunde, GB 10 zinahitaji zaidi ya saa 22 mfululizo. Kwa hiyo panga: maandishi na hesabu zitangulie, picha zifuate kidogokidogo, video za sherehe zibaki kwenye diski.

Pili, matoleo ya zamani yanatunzwa kwa muda gani? Siku 30 ni kidogo kwa mtu anayefungua baadhi ya mafaili mara moja kwa mwaka.

Tatu, nani ana ufunguo? Huduma nyingi husimba mafaili, yaani huyageuza yasisomeke na mtu mwingine, lakini kampuni yenyewe hubaki na ufunguo. Backblaze na IDrive hukuruhusu kuweka ufunguo wako binafsi. Hapo kampuni haiwezi kusoma, lakini ukiusahau, hakuna atakayekufungulia. Uandike kwenye karatasi, uweke mahali pa salama nje ya nyumba yenye kompyuta.

Nne, itakuwaje nikishindwa kulipa, au kampuni ikiacha? Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. CrashPlan ilitangaza mwaka 2017 kwamba inaacha kuhudumia watumiaji wa nyumbani, na wateja wake wakalazimika kuhama. Malipo mengi ni kwa dola na kwa kadi, basi hakikisha salio lipo tarehe ya kukatwa.

Tano, nitarudishaje? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na intaneti ikasumbua nchini. Siku kama hiyo nakala iliyo Marekani haikusaidii. Ndiyo maana diski ya nyumbani na hifadhi ya mtandaoni huhitajiana.

4. Mafaili yasiyo yetu

Kompyuta ya nyumbani ya karani au katekista mara nyingi hubeba taarifa za waamini. Kanuni ya 535 inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na katika kitabu cha ubatizo huandikwa pia kipaimara, ndoa na daraja. Ukurasa mmoja ukipotea, binti anayetaka kufunga ndoa anaanza kutafuta mashahidi wa ubatizo wake. Orodha ya kompyuta haichukui nafasi ya kitabu, ila inasaidia sana kitabu kikilowa.

Hata hivyo, taarifa hizo si mali ya karani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu imani ya dini na taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, na ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Basi asipandishe mtu rejista mtandaoni bila ruhusa ya Paroko na mwongozo wa jimbo. Akaunti nayo iwe ya parokia, na si ya barua pepe binafsi ya karani. Karani akihama na nywila yake, parokia imepoteza vitabu vyake bila hata tone la mvua.

5. Pa kuanzia wiki hii

Andika kwenye karatasi mafaili matano ambayo ukiyapoteza hutaweza kuyatengeneza tena. Yaweke kwenye diski ya nje na kwenye huduma moja ya mtandaoni. Weka nywila ndefu, na namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe laini unayoitumia bado. Kisha, kwenye kompyuta nyingine, pakua faili moja na ulifungue. Likifunguka, una nakala. Usipojaribu, una matumaini tu. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi mitatu.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Kumbukumbu za jumuiya yetu ziko wapi, na nani mwingine anaweza kuzifungua katibu akisafiri?
2. Ni taarifa gani za watu tunazotunza bila sababu, ambazo ingefaa kuzifuta?
3. Mvua kubwa ikinyesha usiku wa leo, kesho tutakuwa na nini mkononi?