Dalali wa mdomo ana haki?

SWALI: Nilimpeleka mnunuzi kwenye kiwanja Bububu. Mwenye kiwanja aliniahidi asilimia 5 kwa mdomo. Wamekwenda wakauziana kimyakimya, sasa simu zangu hapokei. Nina haki?

JIBU: Unayo, ndugu yangu. Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, haidai kila makubaliano yaandikwe. Neno la mdomo linafunga. Tabu iko kwenye ushahidi, na hapo ndipo madalali wengi wanapoangukia.

Mahakama itataka kujua mambo mawili: nani alikutuma, na je, mauzo yametokana na wewe? Kumwonyesha mtu kiwanja tu hakutoshi. Lazima iwe wewe ndiye uliyewakutanisha. Kwa hiyo usifute kitu kwenye simu. Ujumbe wa sauti ambamo mwenye kiwanja anakwambia "mlete huyo mtu Jumamosi" una thamani kubwa kuliko mashahidi watatu wa barazani. Mtafute na mnunuzi, aeleze nani alimfikisha pale.

Ukishindwa kuthibitisha hiyo asilimia 5, bado unaweza kudai ujira wa haki kwa kazi uliyofanya, maana mwenye kiwanja amefaidika nayo na hukuifanya bure.

Anza kwa sheha. Huenda mwenye kiwanja akalipa akishaitwa mbele yake. Akikataa, mwandikie barua ya madai yenye kiasi na siku ya mwisho, ubaki na nakala iliyosainiwa, kisha nenda mahakamani ukadai deni. Kiwanja chenyewe usikizuie, si chako.