Kalanga Isiyoonekana: Kula kwa Usalama Siku ya Matembezi Lubumbashi

Jumapili na siku za likizo, familia nyingi za Lubumbashi hutoka. Wengine hupeleka watoto kwenye bustani ya wanyama, wengine huenda Kipopo ziwani, wengine Kamalondo kutazama timu ya Mazembe. Na popote watu wanapokusanyika, chakula kipo: michopo, thomson ya kuchoma, bukari na sombe, mikate ya mafuta, kalanga. Kijitabu hiki tumewaandikia wale ambao miili yao hukataa kwa nguvu mojawapo ya vyakula hivyo, pamoja na wazazi wao, walimu wanaotembeza watoto, na akina mama wanaopika na kuuza.

Tunazungumzia mzio mkali wa chakula, au aleji kama wengi tunavyosema. Mtoto mwenye mzio hadeki wala hachagui chakula. Kinga ya mwili wake huichukulia protini ya chakula kama adui, na ndani ya dakika chache, wakati mwingine hadi saa mbili, mwili huanza kupigana: vipele na mwasho, midomo na ulimi kuvimba, sauti kukauka, koo kubana, pumzi kupiga filimbi, kutapika, presha kushuka hadi kuzimia. Mtu anaweza kufa. Kwa kuwa chembe kidogo tu inatosha, msimwambie kamwe "onja kidogo tu".

Kalanga inapojificha

Kalanga za kukaanga zinazouzwa kando ya njia, kila mtu anaziona. Hatari iko kwenye ile iliyotwangwa. Sombe, matembele au lengalenga hupikwa kwa mawese katika nyumba moja, na nyumba ya jirani hutiwa unga wa kalanga, na kwenye sahani huwezi kuzitofautisha. Moto hauondoi hatari hiyo. Kalanga iliyokaangwa huweza hata kuushtua mwili zaidi ya ile iliyochemshwa.

Kikanda ndicho kinachotutia hofu zaidi. Mgeni akikiona kimekatwa vipande, cha rangi ya kahawia, kinang'aa kidogo na kina madoa ya pilipili, atadhani ni soseji au nyama ya kusaga. Kumbe hakina nyama hata chembe. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini, vikakaushwa na kutwangwa, kisha vikapikwa pamoja na magadi na unga mwingi wa kalanga mpaka vishikane. Ni chakula chetu cha heshima, na wenzetu wa Zambia nao wanakipenda. Lakini kwa mtoto mwenye mzio wa kalanga, kipande kimoja alichopewa na rafiki ni hatari sawa na kiganja kizima cha kalanga. Watoto hawa wafundishwe kukitambua kwa macho, na walimu wao pia.

Wenye mzio wa kamba wa baharini wawe waangalifu na viwavi (finkubala): protini zao zinafanana na za kamba. Mayai na maziwa ya unga hujificha ndani ya mikate na keki za sikukuu. Na sufuria ya mafuta inayokaanga samaki asubuhi ndiyo hiyo hiyo inayokaanga mikate mchana.

Muulize aliyepika

Anayeleta sahani mara nyingi hajui kilichomo, naye kwa adabu atakujibu unachotaka kusikia. Nenda kwa aliyeshika mwiko. Usiulize kama chakula "ni kizuri" au kama "hakina shida". Taja kitu chenyewe: "Mama, mu hii sombe mulitiya kalanga?" Kisha uliza mwiko ule ulichota wapi kabla. Ukiona anasitasita, shukuru, usile. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria inamtaka anayeuza chakula aeleze kama kina chochote kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio. Kwenye meza ya kando ya barabara hakuna karatasi ya namna hiyo. Kinga yako ni swali lako, na njia iliyo salama kuliko zote ni kubeba chakula kutoka nyumbani.

Tunajua ni vigumu kumkatalia shangazi aliyeamka alfajiri kupika. Mwambieni mapema, kabla ya siku yenyewe, si mbele ya sahani.

Mikono nayo isisahaulike, maana bukari tunaikanda kwa vidole. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba maji matupu na jeli ya kuua vijidudu viliacha mabaki ya kalanga kwenye baadhi ya mikono. Sabuni na maji viliyaondoa. Beseni moja la maji linalozungushwa mezani halitoshi.

Si kila wekundu ni mzio

Samaki kama thomson akikaa nje ya baridi, tuseme umeme umekatika na friza imeyeyuka, hujenga histamini ambayo kupika hakuiondoi. Walaji huwa wekundu usoni, kichwa kinauma, moyo unaenda mbio. Wakishikwa wengi waliokula samaki yule yule, shukuni samaki. Hata hivyo, mtu akikosa pumzi, msikae kubishana chanzo.

Shambulio likitokea

Dawa ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Kalamu zake ni ghali na hazipatikani kwa urahisi, kwa hiyo zungumza na daktari wako mapema: akuandikie dawa na kipimo, akufundishe kuichoma. Vidonge vya aleji hupunguza mwasho tu, havifungui koo. Maziwa na mawese havisaidii, na anayetapika vinaweza kumpalia.

Mlaze chali, inua miguu. Kama pumzi ndiyo inamsumbua, akae miguu ikiwa imenyooshwa. Asisimame wala asitembezwe, na msimpakie kwenye pikipiki, kwa sababu presha ikiwa chini kukaa wima kunaweza kumuua. Tafuteni gari. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, sindano ya pili huruhusiwa. Na hata akipata nafuu afike hospitali, kwani shambulio linaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Aliye mjini ana Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Aliye Kipopo ana barabara ndefu, basi ajue kabla ya kutoka atapitia wapi na gari ni la nani.

Nawe mama unayepika na kuuza, mteja akikuuliza kuhusu kalanga, usione amekudharau. Mwambie kweli. Kama hujui, mwambie hujui. Atakwenda kununua kwingine leo, na atarudi kwako akiwa hai.