TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Baada ya ngumi moja



Leo tumtazame Nabii Musa (a.s.) kabla hajatumwa kwa Firauni. Fungua Suratul-Qasas, aya ya 15 mpaka 29, uisome polepole.

Kijana aliyelelewa katika nyumba ya mfalme anakuta watu wawili wanapigana. Mmoja ni wa jamaa zake, anamwomba msaada. Musa anampiga yule mwingine ngumi. Mtu anakufa. Hakukusudia kuua, lakini roho imeshatoka.

Akakiri kwamba ameidhulumu nafsi yake, akaomba maghfira, na Allah akamsamehe. Sasa angalia: amesamehewa, lakini kulipokucha anatembea mjini kwa hofu, na mwisho anakimbilia Madyan mikono mitupu. Wengi wetu hapa ndipo tunapokata tamaa. Tukiona maisha bado magumu tunasema toba haikupokelewa. Sivyo!

Alianzaje upya? Kwanza alitumikia watu bila malipo: aliwanyweshea mifugo mabinti wawili waliokuwa wamesimama pembeni, akaenda kivulini kumwomba Mola wake kheri. Kisha akapata ajira. Baba yao akamtaka amtumikie miaka 8, na akitimiza 10 ni hiari yake. Sifa zilizompa kazi ni mbili: nguvu na uaminifu. Ibn Abbas (r.a.), katika Sahihi Bukhari, anasema alitimiza ule muda mrefu zaidi. Mtoto wa ikulu akawa mchungaji, na alipomaliza muda wake, akiwa safarini na familia yake, ndipo alipoitwa kwenye utume.

Na hakukana. Firauni alipomkumbusha kile kitendo (Ash-Shu'araa, 19 na 20), alikubali kwamba alikifanya.

Tuje kwetu. Kuna dereva aliyegonga mtoto wa watu, mtoto akafariki. Leo anaona haya hata kuja msikitini. Ndugu yangu, njoo. Lakini jua kwamba kuna haki ya Allah na kuna haki ya watu. An-Nisaa aya ya 92 inaeleza kuua kwa kukosea: diya kwa warithi, ila wakisamehe, na kafara, ambayo kwa asiyeweza kuacha huru mtumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo. Funga hii ya Ramadhani haihesabiwi humo. Muone sheikh akuongoze, sema kweli mbele ya sheria, nenda kwa wafiwa ukiwa na wazee. Kisha shika kazi ya halali, hata kama ni ndogo kuliko ile uliyoipoteza, uifanye kwa uaminifu.

Na sisi wengine je? Yule mzee wa Madyan alisimuliwa kisa chote. Akamwambia Musa asiogope, kisha akampa kazi. Sisi tukisikia kisa cha mtu, tunampa jina la kumkejeli na kumfungia mlango. Hebu leo kabla ya futari, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja aliyeanguka akatubu. Mpigie simu. Mwalike kufuturu. Ukiwa na kibarua, mpe.

Ewe Allah, warehemu waliofariki, wape subira wafiwa, na utufungulie milango sisi tuliokosea. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.