Hadhira Inapokuwa Fanani: Redio ya Mazungumzo Kitui na Makueni

Utangulizi

Katika mijadala mingi kuhusu fasihi simulizi na vyombo vya habari, lalamiko moja hurudiwa: kwamba redio imemnyang'anya msimulizi hadhira yake, ikaiketisha kimya mbele ya kisanduku. Makala haya yanalipima lalamiko hilo kwa kuzitazama redio za Kikamba katika Kitui na Makueni, mashariki mwa Kenya. Yanadai kwamba lalamiko lina ukweli kuhusu redio ya enzi ya AM iliyoendeshwa na serikali, lakini haliisemi vyema redio ya mazungumzo iliyokuja baadaye. Aidha, kilichozitenganisha enzi hizo mbili si mtambo peke yake. Ni swali la nani aliyeruhusiwa kusema.

Msingi wa uchunguzi huu ni mawazo ya Mulokozi (1996), anayeiona fasihi simulizi kuwa tukio ambamo fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati hukutana na kuathiriana. Kwa mtazamo huo haitoshi kuuliza kama redio ilicheza nyimbo za Kikamba au kusoma methali. Twaa hadhira uiondoe katika mwingiliano huo, na kinachobaki ni maneno ya fasihi simulizi bila utendaji wake.

Sauti kutoka Nairobi

Utangazaji wa redio nchini Kenya ulianza mwaka 1928, nao ulikuwa wa walowezi na wa Kiingereza. Mwafrika alikumbukwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale serikali ya kikoloni ilipohitaji kuzieleza jamaa za askari habari za vita. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la King's African Rifles, na haishangazi kwamba lugha yao ilisikika mapema hewani. Isisahaulike pia kwamba mwaka 1938, mwaka mmoja tu kabla ya vita, maelfu ya Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana hadi Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao. Serikali ilikuwa na sababu zaidi ya moja ya kutaka kusikilizwa na watu hao.

Mwaka 1953 iliundwa idhaa maalumu ya Waafrika, na Kikamba kikawa miongoni mwa lugha zake pamoja na Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo na nyinginezo. Baada ya uhuru, mwaka 1964, shirika lilitaifishwa likaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 likarudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Katika mabadiliko hayo yote ya majina, Kikamba kilibaki na saa zake katika ratiba iliyogawiwa lugha kadhaa.

Mawimbi ya AM yalikuwa na faida ambayo vijana wa leo hawaijui. Mchana hutambaa juu ya ardhi, na usiku huakisiwa na tabaka la juu la anga yakafika mbali sana. Vilima vya Mbooni na Kilungu havikuyazuia. Hata hivyo, sauti iliyofika mbali hivyo ilisafiri upande mmoja. Taarifa, maagizo ya kilimo na hotuba zilitoka Nairobi, Kitui ilisikiliza. Msikilizaji alipata nafasi kwa barua, kwa kadi za salamu na, zaidi ya yote, kwa matangazo ya vifo. Tangazo la kifo lilikuwa fani yenye kanuni zake: jina la marehemu, orodha ya jamaa na mahali walipo, siku ya mazishi. Wahakiki wameipuuza fani hii, ingawa ndiyo iliyowafanya watu wanyamaze nyumba nzima. Lakini hata hapo, jamaa walilipa na mtangazaji akasoma. Lalamiko la wataalamu, basi, linasimama kwa enzi hii.

FM, simu na thome

Mwaka 2000 Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu, ikiwa redio ya kwanza ya kibinafsi nchini kutumia lugha ya kienyeji. Katika miaka iliyofuata Ukambani ulipata Musyi FM ya kampuni ya Royal Media Services, Mbaitu FM na nyinginezo. Majina yenyewe yanafundisha. Musyi ni nyumbani. Mbaitu ni watu wetu, jamaa zetu. KBC nayo baadaye iliita idhaa yake Mwatu, yaani mzinga wa nyuki, jina linalofaa kwa nchi ya wafuga nyuki.

Kiufundi, FM ni dhaifu kuliko AM katika nchi ya vilima, kwa kuwa mawimbi yake hunyooka na kizuizi chochote kikubwa huyakata. Kilichoipa nguvu ni simu ya mkononi, iliyoenea nchini katika miaka ileile. Msikilizaji sasa alipiga simu akiwa shambani, akasikika papo hapo, akapingwa na mwingine kabla hajamaliza siku. Wakati na tukio vilirudi. Hadhira ikawa fanani. Mahali tu ndipo palipobaki pametawanyika.

Hapa methali, ambayo Mkamba huiita nthimo, ilipata kazi mpya. Mpigaji ambaye salio la simu linamwishia hana nafasi ya hoja ndefu, naye mtangazaji ana wengine wanaosubiri. Methali hufunga hoja kwa pumzi moja. Ufupi ambao vitabu vya shule huutaja kama sifa ya kipera umekuwa, katika redio, suala la fedha.

Ni desturi kuzisifu redio hizi kwa kuzifananisha na thome, uwanja wa nje ya boma ambapo wazee wa Kikamba waliota moto na kuzungumza. Ulinganisho huo una mvuto, lakini haujafikiriwa vya kutosha. Thome ilikuwa ya wanaume. Mwanamke hakuketi pale kubishana. Mwanamke wa Makueni anapompigia mtangazaji simu na kumkosoa mzee aliyezungumza kabla yake, hiyo si thome iliyohamia hewani. Ni kitu ambacho thome haikukiruhusu.

Wanawake wa Nthongoni

Mfano ulio wazi zaidi uko Nthongoni, Kibwezi, kusini mwa Makueni. Redio ya jamii ya Mang'elete ilianza kutangaza huko mwaka 2004, nayo ilitokana na muungano wa vikundi 33 vya wanawake. Vikundi vya aina hiyo vina mizizi katika mwethya, ushirika wa kazi uliochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika Machakos ya zamani, wilaya ambayo Makueni ilimegwa kutoka kwake mwaka 1992. Waliozoea kushika jembe kwa pamoja walishika kipaza sauti kwa pamoja.

Haja ya redio iliyo karibu ilionekana kwa uchungu mwaka huohuo. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na 125 kati yao wakafa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa yao wenyewe, yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haionekani wala haiondoki kwa kupikwa kwa kawaida. Mtangazaji anayetaka kulieleza jambo hili kwa Kikamba anakabili tatizo la istilahi. Kiswahili kimepata neno sumukuvu, linalotumika hasa Tanzania. Lakini kwa mwanakijiji neno pekee halitoshi. Panahitajika maelezo, swali la msikilizaji, kisha maelezo tena. Mazungumzo ndiyo tafsiri yenyewe.

Hali ya hewa ni hivyo hivyo. Mkulima wa Kitui na Makueni hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei. Utabiri unaotungwa kwa kuwaza mikoa ya masika humpotosha, hata ukisomwa kwa Kikamba fasaha.

Kinachopotea

Redio ya mazungumzo si takatifu. Baada ya machafuko ya 2007/2008, tume ya Jaji Philip Waki ilipokea ushahidi uliozilaumu baadhi ya redio za lugha za kienyeji kwa kueneza chuki. Hadhira inayokuwa fanani inaweza pia kuwa kundi la watukanaji, na mtangazaji asiye na mafunzo hawezi kulizuia.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, hata hivyo, kuna hasara nyingine iliyo kimya. Ngano za Wakamba zina kitabu cha John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, Akamba Stories (1966). Mazungumzo ya redio hayana mkusanyaji wa aina hiyo. Mtafiti huenda Mwingi au Wote akitafuta ajuza wa kumsimulia ngano, huku redio iliyo dirishani ikitoa utendaji ambao haurekodi. Anayetaka kuuhifadhi atahitaji idhini ya kituo, kuficha majina ya wapigaji, na kuyaandika maneno kwa Kikamba kabla ya kuyafasiri kwa Kiswahili. Vicheko viandikwe, na mahali mtangazaji alipomkatiza mpigaji. Simu ikikatika katikati ya methali, mkatiko huo nao uandikwe, pamoja na aliyepiga baadaye akaimalizia.